Bisibisi Fupi

Kwanza walisema ni hali ya hewa.
Tukatazama nje ya kioo: Winnipeg yote kavu kama bati,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
nyota zimepigiliwa kama misumari,
hata upepo umeganda.
Hali ya hewa ipi?

Saa moja baadaye zikawa sababu za kiufundi.
Kisha sababu za kiutendaji,
neno lililovaa tai,
lisilopenda kuulizwa.

Lisemwalo lipo, na pale lango la tisa
yalisemwa yote.
Rubani kalewa, alidai kijana mwenye gongo la hoki.
Kuna mheshimiwa anasubiriwa, alisema mama
aliyebeba paka kwenye kikapu.
Mzee Friesen, akitugawia mbegu za alizeti,
alisema ndege nazo huchoka kama yeye,
ziachwe zilale.

Mimi sikusema. Nililaani.
Yeyote aliyetuweka hapa, popote alipo,
nilimtakia jino limuume usiku wa Ijumaa,
madaktari wakiwa wamefunga.

Maana huko Halifax, saa tisa alasiri,
Nassor wangu, miaka kumi na moja,
angepuliza tromboni mbele za watu mara ya kwanza.
Nilifika viti vinakunjwa.
Baba yake ameegemea gari, kimya,
na kimya chake kina maneno.
Mtoto akanipulizia wimbo mzima pale kwenye maegesho,
midomo imemkauka kwa baridi.
Noti tatu zilikataa kutoka.
Nilipiga makofi peke yangu, ndani ya glavu.

Machi, basi namba kumi na tano, saa sita usiku.
Nyuma yangu mtu anaongea na simu
kwa kile Kiswahili cha Bukavu
kinachovalisha mkia kila jambo lililopita:
nilisemaka, walitafutaka, nilifanyaka.
Alipokata simu nikageuka, tukasalimiana.
Anaitwa Byamungu. Fundi wa ndege, zamu ya usiku.
Vidole vyake vina weusi usiotoka kwa sabuni.

Nikamuuliza: Januari ile, ndege ya alfajiri ya Halifax,
ni nini hasa?

Alicheka kwanza. Halafu hakucheka.

Sanduku la vifaa, alisema, lina sponji nyeusi,
kila kifaa na kitanda chake.
Kazi ikiisha tunahesabu.
Siku ile kitanda kimoja kilikuwa kitupu:
bisibisi fupi, ndogo kama kidole cha mtoto.
Kabatini kulikuwa na pacha wake.
Ningemlaza pale, nani angejua?

Lakini injini nilikuwa nimeifungua kwa mikono hii.

Nikasema: imepotea.
Msimamizi alitaja jina la Yesu, si kwa sala.
Saa nne tulimulika tochi kwenye matumbo ya chuma,
watu wanne, hatuzungumzi.
Mwisho jasho likanishinda, katika baridi ile,
nikavua koti, nikalitupa chini.
Likagonga sakafu: ko.
Mfuko ulikuwa na tundu. Bisibisi
ilikuwa imelala kwenye bitana,
hapa, ubavuni,
muda wote nikiitafuta imenikumbatia.

Walimkata zamu sita.
Mkewe alinuna hadi kodi ilipolipwa.

Nilikuwa na mengi ya kusema.
Kwamba nilikuwa kiti cha kumi na nne, dirishani.
Kwamba nilifika.
Badala yake nikasikia mdomo wangu ukiuliza:
Ijumaa ya wiki ile,
jino lilikuuma?

Byamungu akashika shavu la kushoto.
«Nani alikuambia?»

Nikabonyeza kengele ya basi,
kituo changu kikiwa bado vituo viwili mbele,
nikashuka kwenye theluji.